Kwa nini USS America ilijengwa bila dimbwi la tezini (nyuma ya meli), na kwa nini Bougainville wamelirudisha?

Kusi_26 (mwanzisha mada)

Wakuu, naombeni darasa. Nazungumzia zile manowari za kushusha askari pwani: juu zina sitaha tambarare kama ya kubebea ndege, nyuma zina mlango mkubwa unaofunguliwa maji yakaingia ndani, na boti zikatoka zikiwa zimeshapakia magari.

Wasp (LHD-1), iliyoanza kazi 1989, inalo hilo dimbwi. America (LHA-6) ya 2014 na Tripoli (LHA-7) ya 2020 hazinalo kabisa. Halafu Bougainville (LHA-8), inayojengwa Pascagoula, Mississippi, wamelirudisha. Sasa najiuliza:

Walipata nini kwa kuliondoa, na walipoteza nini? Meli ya tani elfu arobaini inaruhusu vipi bahari iingie tumboni bila kulala ubavu? Na hii habari kwamba ndege ya kivita F-35B inaunguza sitaha, ni kweli au ni porojo za vijiweni?

---

Farumi

Nitaanza na dimbwi, kwa sababu vipimo vyake ndivyo vinavyoitawala meli nzima.

Dimbwi la Wasp lina urefu wa mita 81 na upana wa mita 15.2. Hovakrafti ya LCAC (boti inayoelea juu ya upepo) ina urefu wa mita 26.8, na ikishajaza upepo upana wake unafika mita 14.3. Piga hesabu: tatu zikikaa mstari mmoja zimekula mita 80.4, na kila ubavu nafasi iliyobaki haifiki nusu mita. Ndiyo maana ukitazama picha utaona kuta zimepigiwa mbao nene. Wengine hudhani ni ukale wa meli. Hapana: chuma kikigonga chuma kinapinda na kuchana, ubao unameza pigo na kesho unang'olewa ukawekwa mwingine.

Boti kubwa zinazotumika humo ni za aina mbili, na usizichanganye. LCU ni tishali la chuma. Aliyewahi kuvuka Kigamboni au Likoni ameshaijua sura yake: sitaha wazi, mlango unaolala mbele, magari yanashuka. Ina mita 41 hivi, inatembea noti 11 (maili za bahari kwa saa), inabeba tani mia na ushee. Ina mlango mbele na mwingine nyuma, hivyo gari linaweza kuingilia nyuma na kutokea mbele bila kugeuza. LCAC ni ya upepo: tani 60, ikibidi 75, kwa noti zaidi ya 40, na ikifika ufukweni haisimami, inapanda mchangani yenyewe.

Tofauti yake kwa meli mama ni hii. LCU inahitaji maji ya kuelea, kwa hiyo lazima dimbwi lijae. LCAC haihitaji. Meli inashusha tezi mpaka kizingiti cha mlango kikaribie usawa wa bahari, hovakrafti inajivimbisha sakafuni na kuteleza nje. Dimbwi linabaki karibu kavu. Kwa hiyo ukiona picha ya LCAC ikitoka, usifikiri meli imejaa maji.

Sasa la kutozama. Sakafu ya dimbwi, meli ikiwa katika hali ya safari, iko juu ya usawa wa bahari. Ukifungua mlango bila maandalizi utaingiza wimbi tu. Kinachoishusha ni farumi, yaani maji ya kuongeza uzito yanayojazwa kwenye matangi. Kazi inakwenda hivi:

Wanachagua uelekeo kwanza. Meli inaelekezwa ili mawimbi makubwa yasiingie moja kwa moja mlangoni, na inabaki ikitembea noti chache tu ili usukani usipoteze nguvu. Ndani, feni za kutolea moshi zinawashwa kabla ya injini yoyote, maana dimbwi ni kama handaki: vifaru na boti zikinguruma humo kwa dakika kadhaa, kaboni monoksaidi inawalaza watu bila kelele. Minyororo ya magari inakaguliwa upya. Hili wengi hulisahau, kwamba tezi ikishuka meli nzima inainamia nyuma, hivyo kila gari lililopakiwa mbele linataka kuserereka kuelekea dimbwini.

Ndipo valvu zinafunguliwa na maji ya bahari yanaingia kwenye matangi ya farumi, kulia na kushoto kwa pamoja. Kwa Wasp kiasi chake kinaweza kufika tani 15,000 hivi. Wanaongeza kidogo kidogo huku wakisoma kina kwenye vipimo vya ukutani. Kina kikitosha, mlango unashushwa. Taa za ukutani ndizo zinazotoa ruhusa: nyekundu kaa, kijani toka. Sauti ya mtu haisikiki mle, hasa LCAC zikiwasha.

Kurudi juu, meli za Marekani husukuma maji nje kwa hewa iliyobanwa. Hewa inaingia juu ya tangi, maji yanatoka chini. Ni njia ya haraka kuliko pampu, ila inakula hewa nyingi, na kompresa moja ikifa, ratiba nzima ya kutua inachelewa.

Sasa yanayoharibika:

Maji huru. Beba sinia pana lenye maji kidogo, utaona yanavyokukimbilia upande ukiinama. Tangi lililojaa nusu linafanya vivyo hivyo, na dimbwi lenyewe ni sinia kubwa kuliko yote. Upana ndio adui. Ukiligawa tangi katikati kwa ukuta wa urefu, nguvu ya kuhamahama kwa maji inashuka hadi robo. Kwa hiyo kanuni ni tangi lijae kabisa au liwe tupu, na yaliyo nusu yawe machache na yapite haraka kwenye hali hiyo.

Valvu inayokwama. Upande mmoja unajaa, mwingine unasita, meli inalala digrii mbili tatu, na LCU iliyokuwa katikati inasukumwa ukutani. Chanzo mara nyingi ni tope na kutu: maji ya pwani yana mchanga, unatua ndani ya tangi, unakwenda kuziba.

Wimbi la ndani. Bahari ikipiga kwa mwendo unaolingana na urefu wa dimbwi, maji ya ndani yanaanza kupanda na kushuka kama beseni linalotikiswa. Boti inapanda nusu mita, inashuka, inagonga sakafu. Hapo unabadili uelekeo wa meli au unabadili kina. Kusubiri litulie lenyewe ni kupoteza boti.

Kutoa maji mapema. LCU isipokaa sawasawa juu ya mstari wake kabla maji hayajaondoka, inalala kwa ubavu, na kuinyanyua ni kujaza tena kila kitu kuanzia mwanzo.

---

Mtundu_Chuma

Farumi kamaliza ya chini, mimi nachukua ya juu.

America ilichorwa wakati mawazo yote yako hewani: MV-22 ya kubeba askari na F-35B ya kupigana. Nafasi ya dimbwi wakaigawa kwa hanga (ukumbi wa ndege) kubwa zaidi, stoo za vipuri, na matangi ya mafuta ya ndege yanayozidi mara mbili yale ya LHD, yaani jamii ya Wasp. Ndani ya hanga kuna sehemu mbili zenye dari ndefu na kreni ya juu, kwa sababu MV-22 ikigeuza injini zake zisimame wima ili fundi azifungue, dari ya kawaida haitoshi. Ukiwa huna dari hiyo unaifanyia ukarabati nje, kwenye chumvi na upepo.

Faida imeonekana. Mwaka 2022 Tripoli ilipakia F-35B 20 kwa majaribio. Mzigo wa kawaida wa meli hizi ni sita hivi pamoja na helikopta na MV-22. Kwa hiyo ukitaka kuigeuza iwe kama meli ndogo ya ndege za kivita, inageuka.

Kuhusu sitaha kuungua, si porojo, ila watu wanaitia chumvi. F-35B ikitua wima inaelekeza moto wa injini moja kwa moja chini, sehemu ileile, kwa sekunde kadhaa. Chuma kikipata joto mahali pamoja kinataka kutanuka na kilichokizunguka hakitaki. Kikirudiwa siku baada ya siku kinapinda, na maungio ya chini yanachoka. Rangi ya kawaida ya sitaha yenye mchanga wa kuzuia kuteleza nayo inabanduka, na vipande vyake vinarushwa kama risasi, vikiingia kwenye injini ni hasara. Wasp ilitumika kwa majaribio ya ndege hii 2011 na 2013. America yenyewe ilipokamilika ilibidi irudi kwa mafundi: chini ya sehemu za kutulia namba 7 na namba 9 zikaongezwa nguzo za chuma kati ya zile zilizokuwepo, na mpako wa juu ukawa wa kustahimili joto. Tripoli ilifanyiwa hayo ikiwa bado inajengwa. Hilo somo wenzao waliokuja baadaye wamelipata bure.

Kitu kimoja ambacho binafsi sikipendi kwenye meli za Marekani: hakuna kilima cha kurukia mbele. Juan Carlos I ya Hispania inacho, cha digrii 12, na ndege inaruka na mzigo mzito zaidi kwa umbali uleule.

---

Farumi

Mtundu, kilima hicho si cha bure. Kinakula nafasi ya helikopta omoni (mbele). Wasp ina sehemu tisa za kutulia helikopta, na siku ya kutua kila moja ina zamu yake. Wamarekani wana meli kubwa za ndege pembeni, kazi ya hii ni kushusha marini, askari wa kutua pwani.

---

Kusi_26

Nimeelewa vizuri sana, asanteni. Swali la nyongeza: kama MV-22 na helikopta za CH-53 zinafika mbali na haraka, si wabebe kila kitu kwa hewa tu? Boti za nini?

---

Bi_Shehena

Kwa sababu ya mizani, ndugu yangu.

CH-53E inaweza kuning'iniza tani 16 hivi, hali ya hewa ikiwa nzuri na safari ikiwa fupi. Joto likipanda au umbali ukiongezeka, mzigo unapungua. LCAC inabeba tani 60 kwa safari moja. Hiyo ni minyanyuo minne ya helikopta kubwa kuliko zote walizonazo meli ile, na kila mnyanyuo unakunywa mafuta. ACV, gari jipya la deraya la marini lenye magurudumu manane, lina tani thelathini na kitu. Hakuna helikopta ya kulinyanyua. Gari hilo linaogelea lenyewe, ila lazima litoke kwenye dimbwi. America haina dimbwi, basi ACV haina mlango wa kutokea. Hapo ndipo hoja ya kulirudisha ilipozaliwa.

Kwa watu peke yao, hewa inatosha, na mfano uko pwani yetu. Januari 1991 Mogadishu ilipowaka, USS Guam na USS Trenton zilikuwa zinakuja kutoka upande wa Oman. Guam ilikuwa ya jamii ya Iwo Jima, meli za helikopta zisizo na dimbwi. CH-53E mbili zilirushwa zikiwa bado umbali wa maili za bahari 466, zikajazwa mafuta angani mara mbili, zikashusha askari 60 ubalozini alfajiri ya tarehe 5. Watu 281 wa mataifa kadhaa wakaondolewa na kupelekwa Muscat. Hakuna boti iliyohitajika. Lakini mzigo ulikuwa watu na mabegi.

Na hata upakiaji wa bandarini unaamuliwa na mzigo mzito. Kanuni ni kwamba cha kwanza kuhitajika ufukweni kinaingia melini mwisho. Ukipakia kwa kufuata nafasi tu, kama kontena za biashara, utakuta trekta la kusafisha njia limefungiwa nyuma ya malori ya chakula, na kulitoa ni kuhamisha gereji nzima bahari ikiwa inayumba. Mpangaji anaanza na karatasi ya ufukweni (nani anashuka saa ngapi, na boti gani), kisha anarudi kinyumenyume hadi gatini. Uzito wa kila gari unapimwa likiwa na mzigo wake, hauchukuliwi kwenye kitabu, kwa sababu askari huongeza vitu. Tofauti ya tani mbili kwa kila gari kwenye magari mia inabadilisha mlalo wa meli na hesabu yote ya farumi aliyoieleza mwenzangu.

Kuhusu ufukwe: Jeshi la majini la Marekani hukadiria kwamba LCAC inaweza kupanda zaidi ya asilimia 70 ya pwani za dunia, na boti za kawaida za kutua karibu asilimia 15 tu. Ukiijua pwani yetu hutashangaa. Maji ya bamvua yanapanda na kushuka karibu mita nne, na kati ya mchanga na bahari ya kina kuna mwamba mpana. LCU ikija maji yakiwa yamekupwa inakwama juu ya mwamba mbali na mchanga. Inabidi kutua maji yanapojaa, na adui naye ana jedwali la maji kupwa na kujaa. Hovakrafti inapita juu ya mwamba, ila jiwe kali linachana sketi yake ya mpira, na sketi ikichanika vipande kadhaa upepo unavuja na mzigo unapungua.

Onyo kwa wanaodhani magari ya kuogelea ni rahisi: tarehe 30 Julai 2020, karibu na kisiwa cha San Clemente, California, gari la zamani la AAV lilizama likirudi kwenye meli. Watu tisa walikufa. Uchunguzi ulikuta gari bovu linalovuja, agizo la kutoka lililochelewa, na boti za uokoaji hazikuwepo karibu. Gari la aina hiyo linaelea kwa inchi chache tu juu ya maji. Pampu zikishindwa, muda wa kujadiliana haupo.

---

Nanga_Mbili

Mmejadili za Marekani tu. Hapa Afrika, Misri anazo mbili za jamii ya Mistral: Gamal Abdel Nasser na Anwar El Sadat, alizopokea 2016. Zilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, kwa ajili ya Urusi, mkataba ukavunjwa 2015 baada ya Urusi kuitwaa Crimea ya Ukraine.

Mistral ni nusu ya Wasp kwa uzito: mita 199, tani 21,000 na ushee, noti 19. Sitaha ina sehemu sita za helikopta, uwezo wa kubeba 16 kubwa. Dimbwi lina mita 57.5 kwa 15.4, LCAC mbili au matishali manne madogo. Hospitali ina vitanda 69 na vyumba viwili vya upasuaji. Askari 450. Mabaharia ni chini ya mia mbili, wakati Wasp inahitaji zaidi ya elfu. Kwa nchi isiyo na bajeti ya Marekani, hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kutazama.

Siri moja ni injini. Mistral haina mhimili mrefu wa rafadha (pangaboi) unaopita chini ya dimbwi. Dizeli zinazalisha umeme, na rafadha mbili zimefungwa kwenye vibuyu vinavyozunguka chini ya tezi, megawati 7 kila kimoja. Nafasi inabaki kwa magari, na meli inaweza kujishikilia mahali pamoja boti zikiingia. Ubaya: kibuyu kikiharibika huwezi kukifikia kwa ndani, meli inapanda chelezoni. Australia, wenye Canberra na Adelaide zilizochorwa kutokana na ile ya Hispania, walikwama hivyo 2017: mafuta yalivuja kwenye sili za vibuyu vya meli moja, na ya pili ikakutwa na chembe za chuma kutoka kwenye beringi. Meli zote mbili zikasimama kwa pamoja.

---

Kusi_26

Na Bonhomme Richard, ile ya jamii ya Wasp? Meli ya vita inaunguaje siku nne ikiwa gatini, katikati ya mji wenye zimamoto?

---

Mtundu_Chuma

Kwa sababu ya umbo lake, na kwa sababu ilikuwa kwa fundi.

Moto ulianza 12 Julai 2020, San Diego, kwenye gereji ya chini ya magari. Gereji za meli hizi ni kumbi ndefu zisizo na kuta za kugawa, zimeunganishwa na hanga na dimbwi kwa njia za mteremko. Ukiitazama ubavuni ni bomba la moshi lililolala. Baharini milango mizito inafungwa na kila ukumbi unajitegemea. Gatini, wakati wa ukarabati, milango ilikuwa imepitishiwa mipira ya hewa na nyaya za umeme za mafundi. Haifungiki mpaka ukate au ung'oe. Gereji ilikuwa imejaa maboksi na mbao.

Vituo vya kuzimia moto, asilimia 87 vilikuwa havitumiki kwa sababu ya ukarabati. Mfumo wa povu ulikuwepo, na kitufe kilikuwepo, hakuna aliyekibonyeza. Matengenezo yake hayakufanywa sawasawa na wengi hawakujua namna ya kuutumia. Zimamoto wa mji na wa jeshi redio zao hazikusikilizana. Moto ukapanda hadi mnara wa juu ukauteketeza.

Kukarabati kulikadiriwa dola bilioni 2.5 hadi 3.2 na miaka mitano hadi saba. Ikafutwa kwenye orodha Aprili 2021.

Ukikagua meli ya aina hii iliyo kwa fundi, usianze na injini. Hesabu milango isiyofungika kwa sababu ya nyaya, na uliza kila mpira una kifungo cha kuutenganisha haraka au hauna.

---

Farumi

Turudi kwa Bougainville tumalize swali la awali. Dimbwi lake si la Wasp. Linachukua LCAC mbili au LCU moja, si tatu. Mafuta ya ndege yamepunguzwa kulipa nafasi hiyo, na mnara wa juu umefanywa mdogo ili sitaha irudishe sehemu ya eneo lililopotea.

---

Bi_Shehena

Na boti mbili badala ya tatu maana yake wimbi la kwanza linapungua kwa theluthi. Mpangaji atalazimika kuweka magari mengine kwenye ile meli ya pili ya kikosi, LPD, yenye dimbwi lake. Karatasi ya ufukweni inaandikwa upya.